The Warriors ya 1979: eti weusi na wazungu genge moja, mambo yalikuwa fresh?

Ikitajwa tu hii muvi ya Walter Hill lazima atokee mtu aseme oneni zamani watu hawakubaguana, mweusi, mzungu, Mpuerto Rico wote genge moja, Warriors, la mtaa wa Coney Island huko New York. Naipenda sana hii muvi ila hapo mnatudanganya.

Ukweli ni huu. Muvi imetolewa kwenye riwaya ya Sol Yurick ya 1965, jamaa aliyewahi kufanya kazi ofisi ya ustawi wa jamii New York, so hao vijana na familia zao hakuwa anawasikia redioni. Kwenye kitabu genge ni weusi na Walatino. Hill mwenyewe kashasema alitaka waigizaji wote wawe weusi, Paramount, kampuni ya filamu, wakagoma wakiogopa haitauza. Kumbe ule mchanganyiko ni hesabu za kaunta tu. Na cheki unavyoenda: Cleon, kiongozi mweusi, anapotea mapema kabisa, usukani anashika Swan, mzungu, ndo anakuwa steringi na demu, Mercy, anapata yeye. Cyrus naye, mweusi anayeita mkutano wa magenge yote ya jiji na kuwaambia yaungane maana wao wako 60,000 na polisi wa jiji zima 20,000 tu, anapigwa risasi umati bado unamshangilia, na lawama wanabambikiwa Warriors, ndo wanaanza kusakwa njia nzima ya kurudi kwao.

Wengine wanasema ule mkutano wa Cyrus ni tukio la kweli la Bronx, eneo la New York. Mkutano wa amani wa magenge ulikuwepo kweli, Hoe Avenue, Desemba 1971, baada ya Black Benjie wa genge la Ghetto Brothers kuuawa akienda kusuluhisha ugomvi, lakini jamani kitabu kilishatoka miaka sita nyuma! Yurick alichukua kisa cha Xenophon, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu wale askari wa Kigiriki waliokwama Uajemi wakawa wanatafuta njia ya kurudi kwao.

Wapo pia wanaosema wanawake wamewekwa kama mapambo, hiyo nusu kweli. Ajax, mmoja wa Warriors mwenye tabia ya kushikashika wanawake, anakamatwa na askari kanzu wa kike, na usiku mzima anayeongoza msako ni DJ wa redio, sauti ya Lynne Thigpen, dada mweusi, ila kamera inaonyesha midomo yake tu. Midomo tu, uso hatuuoni!

Halafu kitu ambacho watu hawakiongelei kabisa ni tabaka. Alfajiri ndani ya treni Swan na Mercy wamechoka, wachafu, wanaingia vijana wa rika lao wametoka kwenye dansi la shule, suti na magauni, wanakaa mbele yao wanawatazama. Hakuna anayeongea. Mercy anainua mkono aweke nywele sawa, Swan anaushusha.