Maziwa ya kopo si yote yanayofanana

Wengi huamini kuwa ukikosa maziwa mazito matamu ya kuokea vipande vya biskuti na nazi, kopo lolote la maziwa litafaa. Imani hiyo inaeleweka: yote ni maziwa yaliyopunguzwa maji. Kinachotofautiana ni sukari. Soma lebo: katika gramu 100, matamu huwa na sukari takriban gramu 55, yasiyoongezwa sukari kama 10 tu. Haya yasiyoongezwa sukari ni mepesi, hulowesha biskuti, na vipande havishikani.

Ukikosa yale matamu dukani, chemsha vikombe 2 vya maziwa freshi na theluthi 2 za kikombe cha sukari kwa moto mdogo, ukikoroga, hadi kibaki kikombe 1. Epua yakiwa bado yanadondoka kijikoni. Yakipoa huzidi kuwa mazito.