Kabla Hujanunua Matairi ya Porini: Maelezo kwa Wenye Magari ya 4x4 Malindi na Magarini

Kila masika yanapokaribia, malalamiko ya aina moja hufika katika ofisi yetu ya ukaguzi. Mwenye gari amefunga matairi mapya ya bei kubwa, meno yamejaa, na bado gari limekataliwa. Wengine hutoka wakinung'unika kwamba mkaguzi ana jambo lake. Mkaguzi hana jambo lolote, ana karatasi yenye vipengele na analazimika kuvifuata. Tumeona afadhali tueleze hadharani tunachokitazama, na kwa nini matairi mengi yanayouzwa mjini kwa jina la "matairi ya porini" hayawafai walioyanunua.

Aina zinajulikana: H/T ni ya lami, A/T ni ya kila njia, M/T ni ya matope. Swali ni njia zako wewe. Ukitoka Malindi kwenda geti la Sala la Tsavo Mashariki kupitia Kakoneni na Langobaya, lami ikiisha unakutana na murram yenye mawimbi, mawe madogo makali na miiba ya migunga. Ukishika njia za ndani za Ngomeni au Mambrui, ni mchanga laini. Kuelekea Watamu na Gede, pembeni mwa barabara umejaa mwamba wa matumbawe ambao hukata ubavu wa tairi kama hukuwa makini. Na ukivuka Sabaki ukaenda hadi nyanda za Tana karibu na Garsen, ukiacha lami tu mvua ikinyesha, unaingia kwenye udongo mweusi unaonata hadi gari linavaa viatu vya matope. Hakuna tairi moja linaloshinda kote huko. Lakini pia hakuna dereva anayepita kote huko kila siku, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mtu anafanya safari zake nyingi kati ya Malindi na Mombasa, anaingia murram mara chache kwa mwezi, kisha anafunga M/T kwa sababu ameona gari la jirani limependeza.

M/T lina nafasi pana kati ya meno ili tope litoke tairi linapozunguka. Hiyo ndiyo kazi yake, na kwa udongo mweusi wa Tana inaifanya vizuri kuliko tairi jingine lolote. Nafasi hizo hizo maana yake ni mpira mchache unaogusa lami. Mvua ikinyesha, gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Dereva ambaye kwa miaka amezoea breki za H/T hajui hilo mpaka ng'ombe watokee mbele yake. Kwa wengi wa Malindi na Magarini, ushauri wetu ni A/T katika saizi iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari. Saizi hiyo iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. M/T tunamshauri yule ambaye kazi yake ni matope: magari ya miradi, ya mashambani, ya wanaokwenda bondeni masika yote.

Kuhusu mchanga, tumelisema hili mara nyingi na bado tunaulizwa. Meno makubwa hayavushi gari mchangani. Yanachimba. Ukikanyaga mafuta tairi linajizika hadi ekseli inakaa chini, na hapo utahitaji koleo au trekta. Kinachovusha gari mchangani ni kupunguza upepo, ili tairi lilale na kurefusha sehemu inayokanyaga. Kwa 4x4 ya kawaida inayotembea na psi 35 kwenye lami, psi 18 hivi kwenye mchanga laini inatosha, pamoja na mwendo wa taratibu usiobadilika na kona za upole. Usishuke chini ya 15 kama huna uzoefu, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Na kabla hujarudi kwenye lami, jaza upepo tena. Tairi lenye psi 18 likikimbizwa barabara kuu linapata joto ndani na kupasuka. Anayepita mchangani bila kipimo cha upepo na pampu ndani ya gari hajajitayarisha, hata awe na matairi ya bei gani.

Sasa maandishi ya ubavuni, kwa sababu hapa ndipo magari mengi yanapokataliwa. Chukua 265/70 R16 112S, saizi ambayo magari mengi ya Prado na Hilux yamewahi kuvaa. Namba 112 ni kiwango cha mzigo: tairi hilo moja linabeba hadi kilo 1,120. S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tairi jingine la upana ule ule linaweza kuandikwa 100, yaani kilo 800. Kwa macho yanafanana. Kwa gari la watalii lenye watu saba, mizigo yao, friji na maji, au pikapu inayoteremsha maembe kutoka Marafa, tofauti hiyo ya kilo 320 kwa kila tairi ndiyo inayopasua tairi la nyuma saa nane mchana. Kiwango cha mzigo kisishuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Herufi LT mbele ya saizi maana yake tairi ni la gari la mizigo na ubavu wake ni mgumu zaidi. Zuri kwa matumbawe, lakini linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo usilijaze kwa kukadiria.

Alama M+S (kwa Kiingereza "mud and snow", matope na theluji), na picha ya mlima wenye chembe ya theluji, ni za nchi za baridi. Muuzaji anayekuambia kwamba zinathibitisha tairi linapita matope ya Garsen hajui anachokiuza.

Tarehe. Tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na lisiwe kwenye gari lolote. Watengenezaji wengi wanashauri tairi litolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno yamejaa. Tunaambiwa kila wiki, "Lakini ni jipya, halijawahi kutumika." Mpira unazeeka ukiwa dukani, na hapa pwani jua na joto vinauzeesha upesi. Kagua na spea pia. Spea nyingi za magari yaliyoagizwa kutoka nje ni zile zile yalizotoka nazo kiwandani, hazijawahi kugusa ardhi, na zimepasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni.

Kuhusu mitumba: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inapiga marufuku kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo na magari mepesi ya mizigo. Ukiambiwa tairi la mtumba limeletwa moja kwa moja kutoka nje, muulize muuzaji limeingiaje. Lakini hatari tunayokutana nayo zaidi ni tairi la kuchongwa. Fundi anachukua tairi kipara, anapitisha kisu cha moto na kutengeneza mifereji mipya. Pitisha kidole gumba ndani ya mfereji: wa kiwandani ni laini, na ndani yake kuna vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha pale meno yanapobaki milimita 1.6 tu. Wa kuchongwa una mikwaruzo, vituta hivyo hakuna, na mara nyingine unagusa nyuzi. Tairi lililoshonwa ubavuni ni hivyo hivyo. Haya hatuyajadili, tunakataa gari papo hapo.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu cha 55 kinataka gari na sehemu zake zote, matairi yakiwemo, yawe katika hali isiyohatarisha watu. Anayekiuka, chini ya kifungu cha 58, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa magari yanayotakiwa kukaguliwa, kutembea bila cheti halali cha ukaguzi ni kosa la peke yake, na katika kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 faini yake ni 10,000. Ukipewa notisi una njia mbili: ukubali na ulipe kwa utaratibu ulioandikwa, au uende mahakamani ujitetee. Kumpa afisa pesa mkononi barabarani si mojawapo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni mwendo. Ukitoa 265/70 R16 na kufunga 285/75 R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 777 hivi hadi 834, karibu asilimia 7. Spidomita ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86. Ikisoma 85, ni 91. Magari ya watalii na ya biashara yamewekewa kikomo cha 80, na kidhibiti mwendo nacho kinadanganyika vile vile. Kwa jedwali lile lile la 2016, kuzidisha kilomita 6 hadi 10 ni faini ya 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Kamera haitazami spidomita yako.

Saizi kubwa pia tunaipima kwa mkono. Tunakata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, huku mwenzetu ameinama na tochi. Ikionekana alama ya msuguano kwenye madigadi, au tairi linagusa mpira wa breki, gari linarudi. Usituambie litagusa tu ukiingia shimoni. Mashimo ya barabara zetu unayajua.

Kwa magari yanayovuta magurudumu yote wakati wote, matairi manne yawe ya saizi moja na kuchakaa kunakokaribiana. Mapya mawili mbele na vipara viwili nyuma yanaichosha gia ya kugawa nguvu, na ukarabati wake unapita bei ya seti nzima. Anayenunua mawili mawili kwa sababu ya mfuko, tunamwelewa, lakini anunue chapa na saizi zile zile, na azungushe nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Mwenye gari la biashara aweke miadi ya ukaguzi mapema kupitia eCitizen, achague kituo na siku, alipe huko huko, kisha aje na gari lililooshwa, maana chini ya matope hatuoni chochote. Aje na spea, jeki na spana yake. Na anaponunua matairi amwombe muuzaji aandike kwenye risiti saizi kamili, kiwango cha mzigo na tarakimu za DOT za kila tairi. Muuzaji akisita kuandika, nenda duka la pili.