Je, Wajua kwa Nini Mnyonya Damu wa Mbita Hana Haja na Shingo Yako?

Ukiandika hadithi za mazimwi ukiwa Kisumu, watu watakuuliza hadi sokoni Kibuye: hivi, mnyonya damu wa kweli yupo? Wengi hujijibu wenyewe kwamba ni popo. Popo wanywao damu wapo kweli, aina 3, lakini wote wanaishi Amerika, kuanzia Mexico kwenda kusini. Hawa wetu hula matunda au huwinda wadudu, na ng'ombe wa Nyanza hawana la kuwaogopea.

Anayelikaribia jina hilo yuko Mbita, Kaunti ya Homa Bay, naye ni buibui. Wanasayansi humwita Evarcha culicivora. Ana urefu wa milimita 5 hivi, na anajulikana kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda.

Mtaje tu buibui mnywa damu na mtu ataanza kukung'uta shuka. Hakuna haja. Midomo yake haikuumbwa kutoboa ngozi ya mtu na kufyonza. Zile alama nyekundu unazoamka nazo ni za mbu, kunguni au kiroboto, na kumponda buibui huyu kwa sababu ya alama hizo ni kumwadhibu asiyehusika. Tena ni kumwadhibu anayemla mhalifu, maana damu yenu huipata kwa kumkamata mbu jike aliyekwisha kuinywa.

Fikiria mtaa ambao mfereji umekauka. Mama mwenye nyumba haendi ziwani na ndoo. Anangoja mkokoteni wa mitungi upite. Hanunui kwa pupa pia. Anatazama matairi yalivyobonyea, anagonga mtungi asikie kama umejaa, ndipo anafungua kibeti. Mbu ndiye mkokoteni. Dume hanywi damu kamwe, kwa hiyo huyo ni mtungi mtupu daima, na jike asiyekula bado hana tofauti naye.

Buibui anagongaje mtungi? Kwa macho. Anayo 8, na mawili makubwa ya mbele huona vizuri ajabu kwa kiumbe mdogo hivyo. Hutafuta tumbo lililovimba na kuwa jekundu, kisha hukagua vipapasio: vya dume vina manyoya mengi, vya jike ni vyembamba. Watafiti walifikia hatua ya kuunganisha kichwa na kifua cha mbu mmoja na tumbo la mwingine, kazi ambayo mwandishi wa mambo ya kutisha angeionea wivu, wakakuta kwamba buibui hazingatii tumbo peke yake. Hutambua pia mkao wa Anopheles, mbu anayeeneza malaria, ambaye hutua akiwa ameinua tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa humchagua mbu mwenye damu, ingawa vijidudu vya ziwani visivyouma vimemzunguka tele.

Halafu kuna soksi. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta kuliko ya soksi safi. Hayo yalipimwa kwenye maabara, kwa hiyo usijenge juu yake picha ya buibui akikufuata njiani. Penye watu pana mbu walioshiba, basi. Wala haijathibitishwa kwamba anapunguza malaria vijijini. Chandarua kibaki kitandani.

Kwa mtunzi, mengine ni zawadi. Huyu huwinda mchana, na wanaodhani jua lazima limuue mnyonya damu wakumbuke kwamba Dracula, mnyonya damu wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, anatembea London mchana. Kuuawa na mwanga wa jua kulienezwa na filamu ya Nosferatu ya 1922. Mapenzi pia yamo: mlo wa damu humpa buibui harufu inayowavutia wa jinsia nyingine, na hii ni kwa dume na jike vilevile. Asipokula damu, mvuto huo hupungua.

Tatizo ni nekta. Buibui huyu hunywa pia utamu wa mimea na huvutwa na harufu ya lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi rangi. Hilo silipeleki kwa mhariri: zimwi linalonusa maua ataniambia nimeshindwa kulifanya litishe.