Eti wamebadilisha bango tu

Kila nikifundisha habari za udhibiti wa silaha lazima atokee mmoja aseme, mwalimu, hizi ofisi za Marekani mara zinaunganishwa mara zinatenganishwa, si wanabadilisha bango tu, kazi si ileile? Hapana jamani, sio ileile, na hii dhana imenichosha kuliko zote.

Chukua ACDA, wakala wa Marekani wa udhibiti wa silaha ulioundwa 1961 enzi za Rais Kennedy. Sheria ilimfanya mkurugenzi wake kuwa mshauri mkuu wa waziri wa mambo ya nje na wa rais kwenye masuala ya silaha. Wa rais, sikia hapo. Yaani waziri akitaka kufumba macho ili asiudhi nchi rafiki, kuna mtu mwingine mwenye haki ya kwenda Ikulu kupinga. Tarehe 1 Aprili 1999 ACDA ikamezwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Kwenye karatasi ile haki ya kumshauri rais akapewa mmoja wa manaibu wa waziri, sawa, lakini huyo bosi wake ni waziri huyohuyo, bajeti na ajira ziko kwa waziri, sasa atapinga mara ngapi?

2005 waziri wa wakati huo, Condoleezza Rice, akaunganisha idara ya udhibiti wa silaha na ile ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Wakaguzi wa Bunge, GAO, walipochunguza wakatoa ripoti 2009: wizara haikuweka malengo yanayoeleweka, kwa hiyo haiwezi hata kuonyesha kama kuunganisha kulisaidia kitu. 2010 wakapanga upya tena, 2025 chini ya waziri Rubio wakaunganisha tena. Na kila ukitikisa hivyo kuna watu wanaondoka, na hawa sio watu wa kuokota. Pale wizarani kuna kituo kilichofunguliwa 1988 cha kupashana taarifa na Moscow, saa 24, kombora likihamishwa au ukaguzi ukipangwa ujumbe ulikuwa unapitia hapo kwa fomu maalumu, mpaka Urusi iliposimamisha hilo 2023, na anayejua kila neno la fomu hiyo lilibishaniwa vipi mezani ni mtaalamu aliyekaa nalo miaka, huyo akishaenda zake huwezi kutangaza nafasi Jumatatu ukampata Ijumaa.

Ndio maana nawaambia kila siku, acheni kusoma majina ya idara, tafuteni chati ya wizara muone nani anaripoti kwa nani.

Zingine haraka haraka. Eti ofisi ikifungwa mkataba unakufa: wapi! NPT, mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, iko kazini tangu 1970 imepita mageuzi yote hayo, na Marekani ilijitoa mkataba wa ABM, ule wa kuwekea mipaka mitambo ya kudungua makombora, 2002 ofisi zikiwepo. Eti ofisi hizo ndio zinatunza mabomu ya nyuklia: hapana, yanatengenezwa chini ya Wizara ya Nishati na walioyashika ni wanajeshi. Eti IAEA iko chini yao: IAEA ni shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, liko Vienna, lina bodi yake.

Halafu hii ya kwamba ni chama cha Republican tu wanaofuta ofisi hizi. Kweli aliyeisukuma sana ile ya ACDA ni seneta Jesse Helms, ila aliyekubali 1997 na kutia saini sheria 1998 ni Rais Clinton wa Democrat, wakati ule anahitaji Helms aachie mkataba wa silaha za kemikali upigiwe kura Seneti. Mkataba ukapita Aprili 1997. Wakala ukaenda.