Hereni za kitenge kwa Krismasi: tunavyodanganyana kuhusu chumvi, supa gluu na mengine

Kila ikiingia Desemba hapa Ngamiani, Tanga, hawakosi wawili watatu wa kunigongea: wanataka kumtengenezea wifi, shoga au mama mkwe hereni na bangili za kitambaa. Wanauliza waanzie wapi. Kabla sijafungua mdomo wameshajijibu, na nusu ya majibu yao si kweli.

Wa kwanza atakwambia lazima anunue kitenge kipya. Cha nini? Jozi ya hereni za kifungo, zile za duara unazofunika kwa kitambaa, haili kipande kinachozidi kiganja chako. Pita kwenye baraza la fundi cherehani yeyote katika hizi barabara zetu za namba. Chini ya meza kuna mfuko wa vipande vinavyosubiri kutupwa au kujaziwa mito. Omba kwa adabu. Wangu hunipa bure, sharti lake nisikae nikachambua rangi wakati wateja wamesimama.

Wengine wanaikataa khanga, eti itaonekana umechana nguo. Khanga inafaa sana, mradi ujue pa kukata. Pindo ndilo lenye michoro midogo inayojirudia, na hereni inataka mchoro mdogo. Ua kubwa la mjini, yaani pale katikati ya khanga, ukilikata duara la kifungo, unabaki na doa la rangi tu. Jina, ule msemo ulioandikwa kwenye khanga, liache kabisa. Mimi nilikata bila kutazama, kifungo kimoja kikatoka na neno HASIDI katikati, limekaa sawasawa kama nimelipima. Watu wa Tanga tunasoma khanga kama barua. Mpe wifi yako hereni hiyo uone kama hutajieleza mpaka Mwaka Mpya.

Sasa chumvi. Hili nimelisikia tangu utotoni: loweka kitambaa kwenye maji ya chumvi, rangi ikamate. Chumvi ina kazi yake kweli, lakini ni kule kinakotiwa rangi: husaidia rangi itoke kwenye maji na kuingia kwenye nyuzi za pamba. Kitambaa kikishafika dukani, chumvi ya jikoni haiwezi kuibana rangi ambayo haikushika huko nyuma. Siki vivyo hivyo, kwa pamba haisaidii. Kinachosaidia ni kufua kwa sabuni na kusuuza mpaka maji yatoke meupe, rangi iliyozidi iondoke pamoja na ule wanga wa nguo mpya. Halafu kijaribu: kipande kikiwa bado kibichi, kiweke juu ya kitambaa cheupe na upitishe pasi ya moto. Cheupe kikipata doa, rudi kwenye beseni. Usipofanya hivyo, na joto la huku kwetu mwezi huu, jasho la shingoni litakufanyia jaribio hilo kwenye gauni la mwenzio, tena kanisani.

Supa gluu nayo inasifiwa kuliko inavyostahili. Mwaka juzi niliidondosha kwenye kipande cha kitenge nilichokuwa nimekishika kwa kidole gumba. Sekunde chache tu, kikafuka moshi na kidole kikaungua kama kimegusa sufuria. Nikaapa nimeuziwa sumu, kumbe ndivyo ilivyo. Gundi ile ikiwa inaganda hutoa joto. Ikinywewa na pamba, inaganda yote kwa mkupuo, na joto linatoka lote pamoja. Hapo hujasema kwamba kitambaa kinakuwa kigumu kama ganda la yai. Tumia gundi nyeupe ya mbao, upake nyembamba kwa kidole. Inakwenda taratibu, na kwa unyevunyevu wa pwani mimi huiachia siku nzima.

Bangili ina kosa lake moja. Watu wanakata utepe ulionyooka, wanauzungusha kwenye bangili kuukuu ya plastiki, wanapata makunyanzi upande wa ndani, kisha wanailaumu pasi. Kata kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Kitambaa cha pamba kinavutika kikikatwa hivyo, kwa hiyo kinafuata mviringo na kulala chenyewe. Fundi yeyote anayeshona ukingo wa shingo ya blauzi analijua hili.

Na masikio yakiwasha? Kitenge ndicho kinachosingiziwa, wakati mara nyingi ni ile kulabu inayopita kwenye tundu. Vyuma vya bei rahisi huwa na nikeli, na wapo ambao ngozi zao haziivumilii. Kama unayempa ana historia ya kuwashwa, weka kulabu za fedha halisi hata kama zitagharimu kuliko kazi yote iliyobaki.

Kwamba ni zawadi ya asiye na hela, hilo sibishani nalo. Anayesema hivyo mpe sindano ashone ukingo wa kifungo kimoja tu.

Ila anayekuja tarehe 24 jioni akiamini ni kazi ya saa moja, namrudisha mlangoni. Kufua, kukausha, gundi siku nzima, kushona ukingo, kulabu. Zangu za mwaka huu ziko dirishani tayari, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, na paka ameshaangusha moja.