Ukuta wa Bahari Haukiokoi Kisiwa cha Mchanga

Watu wengi huamini kwamba serikali ikitumia fedha za kutosha kujenga kuta au kurudisha mchanga ufukweni, visiwa vyembamba vya mchanga vilivyo mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani vitabaki mahali pake, pamoja na nyumba zilizojengwa juu yake. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ufuo uliotoka kujazwa mchanga huonekana mpana na imara.

Hata hivyo, visiwa hivyo kwa asili havitulii mahali pamoja. Dhoruba huchota mchanga upande wa bahari kuu, huuvusha juu ya kisiwa na kuumwaga upande wa pili, hivyo kisiwa husogea polepole kuelekea bara. Kisiwa chenyewe hakipotei; kinachopotea ni kiwanja chenye mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Ukuta hulinda jengo lililo nyuma yake, lakini ufuo ulio mbele yake huendelea kuliwa, nao mchanga uliorudishwa huhitaji kurudishwa tena baada ya miaka michache. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, North Carolina, uliokamilika mwaka 1870, ulihamishwa mzima mzima mwaka 1999, takriban mita 880, baada ya mawimbi kuukaribia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 ilizuia sehemu kubwa ya fedha za serikali kuu ya shirikisho kugharimia ujenzi mpya katika visiwa vilivyoorodheshwa, jambo ambalo naona lilikuwa la busara. Mjadala mkali umebaki kwenye maeneo yaliyokwisha kujengwa.

Ili kuona kisiwa kinavyosogea, msomaji anaweza kulinganisha picha za angani za miaka tofauti, akipima kutoka njiapanda ileile hadi mstari wa majani yaotayo kwenye vilima vya mchanga, wala si hadi ukingo wa maji, ambao hubadilika kila maji yanapokupwa na kujaa.