"Pampu inadukuliwaje?" Mambo watu wanayoyaelewa vibaya kuhusu kulinda mitambo

Hapa Mwanza ukimwambia mtu kazi yako ni kulinda mitambo ya maji, umeme na viwanda dhidi ya wadukuzi, anakujibu kwani pampu nayo inadukuliwa, si chuma tu ile?

Inadukuliwa. Mitambo ya siku hizi ina kakompyuta, mafundi wanakaita PLC, ndo kanasoma sensa ya tenki kanaamua pampu iwake au izime, vali ifunguke au ifungwe. Na lugha ya Modbus, ambayo vifaa vingi vya hivyo vinaongea mpaka leo, ni ya 1979 na yenyewe haina paswedi, kwahiyo aliyeingia kwenye netiweki akisema zima, mara nyingi kinazima tu. Sasa angalia mji wetu ulivyo, nyumba zimepanda mpaka juu ya mawe, maji ya ziwa lazima yasukumwe kwa presha kubwa kwenda mlimani, mtu akifunga vali ghafla maji yakiwa yanakimbia presha inaruka kwa kishindo na bomba linaweza kupasuka, na huyo mtu hajashika hata spana.

Mameneja nao nawasikiaga: "sisi mtambo wetu hauna intaneti, tuko salama." Stuxnet, programu haribifu ya kompyuta iliyogundulika 2010, ilivuruga mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, na zenyewe hazikuwa kwenye intaneti, inaaminika iliingia kwa flashi. Kwetu kuna flashi ya nyimbo ya opereta wa shifti ya usiku, kuna laptopu ya fundi wa nje, kuna modemu iliyoachwa na waliofunga mashine ili wasisafiri tena toka Dar. Kavitafuteni hivyo kwanza jamani.

Halafu vijana wa IT wanadhani unaskani, yaani unapekua vifaa kupitia netiweki kutafuta udhaifu, ukiuona unaapdeti, unaristati. Hapana! PLC ya zamani ukiiskani kwa nguvu inaweza kuganda. Kwenye kiwanda cha samaki kompresa za amonia, ile gesi ya sumu inayoleta ubaridi, zikisimama ovyo, minofu ya sangara iko hatarini na wafanyakazi pia. Apdeti inasubiri siku mtambo unapozimwa kwa ratiba, mpaka hapo unatenga netiweki ya mtambo na zile nyingine na unajua kila anayeingia.

Na sio kila adui yuko ng'ambo. Maroochy, Australia, mwaka 2000, aliyedukua mfumo wa majitaka akayamwaga kwenye mito alikuwa amefanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mfumo wenyewe. Mtu akiondoka, akaunti yake ifutwe siku hiyohiyo.

Kinachoniuma zaidi ni wazee wa mitambo kudharauliwa eti hawajui kompyuta. Desemba 2015 Ukraine wadukuzi walikata umeme kwa wateja zaidi ya laki mbili, maopereta wanaona mausi inatembea yenyewe kwenye skrini, na uliorudisha umeme baada ya masaa kadhaa ni mikono ya watu walioenda kwenye vituo wakawasha wenyewe. Kama unaitaka kazi hii, kabla ya kununua kozi kaombe fildi kwenye mtambo, kaa na huyo mzee akuonyeshe kila swichi ya mkono ilipo na inavyowashwa.